Umeme Ukikatika, Nani Anamwona Mama?

Katika familia zetu za Pwani limezuka jambo ambalo wazee wetu hawakulijua: kumwangalia mama kwa jicho lililotundikwa ukutani. Watoto wametawanyika, mmoja yuko Likoni, mwingine Nairobi, mwingine Muscat. Mama amebakia na mjukuu mmoja. Basi hununuliwa kamera ndogo, ikatiwa sebuleni, na kila mtoto akawa anamtazama mamaye ndani ya simu. Silikatai jambo hili. Ninalotaka kulizungumza ni ule mtandao unaoibeba picha, na saa ambayo mtandao huo hukatika.

Dada yangu mkubwa anaishi Moding, si mbali na Malaba, mpakani mwa Uganda. Aliolewa na mtu wa Mumias, mji ambao misafara ya Waswahili iliufikia tangu zama za Nabongo Mumia, na marehemu mumewe akafuata biashara ya mpakani, wakajenga huko. Tangu apatwe na kiharusi, mkono na mguu wake wa kushoto umekuwa mzito, na mara mbili ameanguka. Kuhamia Mombasa hataki hata kusikia. Kaburi la mumewe liko kule, na jirani zake Wateso wamemzoea. Asubuhi humwamkia “yoga” kutoka uani, naye huwaitikia kama aliyezaliwa nao.

Watoto wake walipotia kamera, mambo yalikwenda vizuri mpaka mvua za masika. Nchi zile za kandokando ya Ziwa Viktoria zina radi nyingi mno, na mvua ikichachamaa umeme haukawii kuondoka. Jioni moja picha ikazimika. Binti yake wa Likoni alikaa na simu mkononi tangu Magharibi hadi karibu saa nne za usiku, asijue lolote. Simu ya mamaye ilikuwa imekwisha chaji. Mama alikuwa salama, ameketi gizani akivuta uradi, lakini binti angejuaje? Picha nyeusi ya mama aliye salama na picha nyeusi ya mama aliyelala sakafuni hazina tofauti. Naona hili ndilo la kutisha katika vifaa hivi: vikizimika, havisemi kwa nini.

Nilipokwenda kumzuru nilikuta vijana wameshapanga njia ya pili, nayo ni hotspoti ya simu. Nitaieleza, kwani kina mama wengi wameniuliza habari zake.

Kamera haina akili. Inachokumbuka ni jina la mtandao na neno lake la siri. Kwa hiyo walichukua simu nzee, kioo kimepasuka lakini inafanya kazi, wakaipa hotspoti yake jina lile lile na neno la siri lile lile la ruta ya nyumbani, herufi kwa herufi. Ruta ikizimika na simu ikafunguliwa hotspoti, kamera hujiunga yenyewe. Mwanzo haikukubali, mpaka walipogundua kuwa kamera nyingi za bei nafuu hufahamu masafa ya 2.4 tu, ilhali simu ilikuwa ikirusha ya 5. Hubadilishwa katika mipangilio ya hotspoti. Papo hapo huzuiwa na ile tabia ya hotspoti kujizima yenyewe isipotumiwa. Tena kamera nayo hula umeme. Yao hutumia waya kama wa kuchajia simu, basi wakaiunganisha na pawabenki.

Kwa nini simu nzee, na mjukuu ana simu nzuri? Kwa sababu mjukuu ni mwendeshaji bodaboda. Akitoka kwenda Malaba, simu yake hutoka naye, na njia ya pili ikaondoka kwa pikipiki. Simu ya kutegemewa ni ile isiyotoka nyumbani.

Kuna na mambo ya mpakani. Simu ikikosa mnara wa Kenya huweza kushika wa Uganda, na bando la huku lisifae kule. Mapatano ya mwaka 2014 ya kupunguza gharama baina ya nchi hizi yalianzia kwenye kupiga simu, si intaneti. Vijana wakafunga laini ichague mtandao wa Kenya peke yake. Wakaipunguza pia picha ubora, maana kutazama mfululizo humaliza bando upesi.

Lakini hotspoti yataka mtu wa kuifungua, kwani ikiachwa wazi daima kamera huweza kuifuata hata ruta ikiwa hai, bando likaisha bure. Dada amefundishwa kuibonyeza kwa mkono wa kulia. Akiwa ameanguka je? Hapo ndipo anapoingia jirani. Picha ikipotea, binti humpigia mama wa Kiteso wa nyumba ya pili. Naye huja na tochi, humwona mgonjwa kwa macho yake, kisha ndiyo huifungua simu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisema jinsi Jibrili alivyomuusia juu ya jirani hata akadhani atamrithisha, wala hakubagua jirani wa dini gani. Pesa mama yule amezikataa. Hupelekewa mahamri.

Likabakia neno la siri. Fundi aliyeitia kamera alilijua, na kwa kuwa ndilo lililoingia katika simu, angeweza kupita nje akatumia bando. Kubwa zaidi, akaunti ya kamera ilikuwa bado imo katika simu yake, mwanamume asiye maharimu, na dada hukaa nyumbani kichwa wazi. Niliwaamuru wabadilishe yote siku ile ile. Enyi mabinti, mfanye hivyo fundi angali mlangoni.

Kisha dada akanishitakia wanawe. Baada ya Isha yeye huifunika kamera kwa leso, nao wanalalamika kwamba usiku ndio wakati wa kuanguka. Katika Surat An-Nur, aya ya 58, hata watoto wadogo wameamrishwa kubisha hodi nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya Isha. Na waliobaleghe, aya inayofuata yawataka waombe idhini kila wakati. Nikawaambia nyumba ni yake, na leso itabaki. Mjukuu amehamishia godoro lake chumba cha pili, mlango wazi, na dada ameridhia sauti ya kamera isifungwe usiku, mradi wanaosikiliza wawe wanawe wa kuwazaa tu.