Gitaa la Nazareth na Sauti Yake ya Kale

Nazareth tunayoizuru leo, ndugu msomaji, siyo ile ya Galilaya. Ni mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, ulioanzishwa na Wakristo wa Kimoravia mwaka 1740. Humo ndimo alimohamia Christian Frederick Martin, fundi kutoka Saksonia, Ujerumani, na ukoo wake ungali na kiwanda cha magitaa mjini hapo.

Askari watapendezwa na jina la gitaa lao kubwa: Dreadnought, yaani Asiyeogopa Kitu. Ni jina la manowari iliyoshushwa majini na Waingereza mwaka 1906. Gitaa la umbo hilo, lenye kifua kipana na kiuno kinene, lilianza kutengenezwa mwaka 1916.

Mgeni wa kiwandani huona mbao za ubavuni zikikunjwa kwa joto, kisha vibanio vya kuanikia nguo, vile vile vya nyumbani, vikishikilia gundi ikauke. Lakini siri kubwa imo ndani. Chini ya ubao wa juu, wenye unene wa milimita 3 hivi, yamegundishwa mataruma mawili yaliyopishana kama herufi X. Nyuzi za chuma huuvuta ubao huo kwa nguvu ya uzito wa mtu mzima. Taruma likiwa nene, ubao hustahimili lakini sauti hufifia. Likichongwa mabonde kwa patasi, sauti huvuma, ila ubao huweza kuvimba.

Mwaka 1944 kampuni iliacha kuchonga mabonde hayo, kwa kuwa wapigaji walitia nyuzi nene na magitaa yakaharibika. Kwa mwenye karakana ulikuwa uamuzi wa busara; kwa sikio, hasara tupu. Wapigaji wakayasaka makuukuu na kuyalipia fedha nyingi. Ndipo mwaka 1976 likatolewa HD-28, lenye mabonde ndani na, ukingoni, nakshi ya mfupa wa samaki, ambayo ndiyo asili ya ile herufi H.

Mti wa mgongoni haukurudi. Magitaa ya kale yalikuwa ya rozuwudi ya Brazili. Tangu mwaka 1969 hutumika ya India. Mwaka 1992 biashara ya kimataifa ya mti ule wa Brazili ilipigwa marufuku, maana ulikuwa ukielekea kutoweka. Hata leo, atakaye kuuza ng'ambo gitaa kongwe la mti huo sharti awe na kibali, na maofisa wa forodha wakilikuta bila hati huweza kulikamata.