Sauti Iliyokomea Mombasa

Usiku mmoja, nikiwa Mombasa kwa ajili ya utafiti wa shahada yangu ya uzamili, mdogo wangu aliniambia masikioni: "Dada, nimeachishwa kazi." Nilikuwa nimevaa hedifoni ya michezo, na taa ya maikrofoni yake ilikuwa ikiwaka kama ada. Nikamjibu. Nilisema mengi, pengine kuliko yote niliyowahi kumwambia tangu tumzike mama. Kwamba kosa halikuwa lake, na kwamba chumba changu cha Nairobi kilikuwa wazi kwake. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Dada, upo?" Nikasema nipo. Akauliza tena, sauti imemfifia. Halafu akaondoka mchezoni, na simu yake haikupatikana hadi asubuhi.

Yafaa nieleze tulivyokutana pale. Yeye huishi Kisumu, na tangu msiba ule si mtu wa kupiga simu. Hunena ya moyoni pale tu mikono yake inapokuwa na shughuli na adui wa kubuni yu mbele yake kiooni. Basi nami, licha ya vicheko vya wanafunzi wenzangu, nikajifunza kucheza. Tarakilishi yenye nguvu ya kuendesha mchezo wenyewe niliiacha Nairobi, maana ni kubwa kama sanduku la bibi harusi. Mombasa nilibeba kipakatalishi cha kuandikia tasnifu. Huo ulikuwa usiku wetu wa kwanza kucheza kwa mpango huo: mchezo unaendeshwa Nairobi, picha na sauti zinanifikia kwa mtandao, nami narudisha amri za vidole. (Huduma kama Stadia, iliyofunguliwa mwaka wa 2019 na kufungwa Januari 2023, haikuwahi kuletwa kwetu, ilitubidi tujitegemee.)

Nisilolijua ni kwamba sauti katika njia ile ilikwenda upande mmoja. Ya mdogo wangu ilitoka Kisumu, ikaingia mchezoni Nairobi, ikachanganyika na milio ya bunduki, ikateremka hadi masikioni mwangu. Yangu iliingia katika kipakatalishi ikakomea papo hapo, kwani programu niliyoitumia hupeleka mibofyo tu, haipeleki maikrofoni. Ile tarakilishi ya Nairobi, ambayo ndiyo iliyokuwa "mimi" machoni pa wachezaji, haikuwa na maikrofoni yoyote. Mdogo wangu alimwona askari wangu akikimbia na kulenga shabaha ilhali yeye anaungama.

Naona haya kukiri kwamba tasnifu yangu inahusu hadhira ya ngano. Nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa nzima juu ya fanani asemaye "Paukwa" na wanaomwitikia "Pakawa", nikidai kwamba asipoitikiwa hawezi kuendelea. Msimamizi wangu alitia alama ya kuuliza pambizoni.

Asubuhi alipopokea simu, kijana alisema tu, "Nilidhani nawe umeniona mzembe." Ilinichukua muda kumshawishi kwamba nilikuwa nimezungumza. Nadhani hakusadiki hadi tulipojaribu tena.

Tiba yenyewe haikuwa ngumu. Mazungumzo tuliyatoa mchezoni, tukayapitisha katika programu nyingine ndani ya kipakatalishi kilicho mbele yangu, hivyo maikrofoni haina haja ya kufika Nairobi. Hedifoni isiyo na waya nayo niliiweka kando: kila maikrofoni ilipowashwa, iliacha mfumo wa kusikilizia muziki ikashika ule wa simu, na kila kitu kikasikika kama kimo ndani ya debe. Nikanunua ya waya. Picha ingali inachelewa kidogo, na mara nyingi mimi ndiye wa kwanza kuuawa.

Alihamia chumba changu mwezi uliofuata. Mimi nikabaki Mombasa, na kila usiku, kabla hatujagusa kitufe chochote, husema "Paukwa!" kisha hungoja.