Udhu Usiotanguka

Liko jambo lililonipata katika siku za ukarani wangu ambalo nikilikumbuka hata leo naona haya. Katika afisi yetu alikuwako mchukuzi mmoja wa mizigo, mtu mzima kunipita, kanzu yake ya viraka. Mimi nilizoea kumwita kwa kugonga meza.

Siku moja, sala ya adhuhuri, imamu hakuwapo. Watu wakatazamana, kisha wakamtanguliza yule mchukuzi, kwa kuwa ndiye aliyehifadhi Kurani kutupita sote. Nami, bwana karani, nikajifanya udhu wangu umetanguka, nikatoka, nisije nikasali nyuma yake.

Nikasali peke yangu ukumbini. Paji la uso lilipogusa mkeka, moyo ukanisuta. Sala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijida 2. Basi Mwislamu huweka uso wake chini mara 34 kwa siku. Nami nimefanya hivyo tangu utoto, na kiburi changu hakijachubuka! Kuwainamia wakubwa wa afisi nilikujua sana, lakini huko si kunyenyekea; ni kutafuta cheo. Sheria ya jamaa hutanguliza msomaji aliye bora, wala haiulizi mshahara wake. Na katika Sura ya 31 Luqman anamwonya mwanawe asiwageuzie watu shavu kwa kujivuna. Mimi niligeuza mwili mzima.

Nikamkumbuka Habib Swaleh wa Lamu, aliyefariki mwaka 1935. Alikuwa sharifu, tena mwanachuoni, na kama angalitaka angalikaa na wenye majumba ya mawe tu. Lakini aliwasomesha waliodharauliwa mjini, hata waliopata kuwa watumwa na watoto wao, na baadhi ya wakubwa wakachukizwa naye. Msikiti wake wa Riyadha ndio ambao watu huusafiria kutoka mbali kila mwaka kwa Maulidi.

Kesho yake nilimngojea yule mchukuzi mlangoni. Ulimi ulikuwa mzito, maana makarani wenzangu walikuwa wakitazama.

“Shikamoo, Maalim,” nikasema.

“Marahaba, mwanangu,” akajibu, akautua mzigo wake polepole. “Je, maji ya udhu jana uliyapata?”