Tulipeleka Gitare ya Basi Bukavu



Ninyi mnaosoma gazeti hili huko Kamituga, Lugushwa, Namoya na Kalima, barabara zetu mnazijua. Kutoka Kamituga mpaka Bukavu ni kilomita karibu 180 kwa karatasi, lakini karatasi haina matope. Katika mwezi wa saba wa mwaka 2022 nilipanda Land Cruiser moja pamoja na mama wanne wenye mikungu ya ndizi, kijana wa miaka 19, na gitare iliyofungwa ndani ya blanketi. Tulilala Mwenga kwa sababu Fuso ilikuwa imekwama mbele yetu, na Fuso ikikwama pale, hata rais atalala.

Kwenye bariere moja askari akaniuliza, "Pasta, unabeba nini mu ile blanketi?" Nikamjibu, "Ni basi ya kanisa." Akacheka mpaka akashika mti wa bariere. "Basi mu jeep! Siku ingine utaleta ndege." Tukafungua, akaona kamba nne, akapiga moja kwa kidole, akatuacha tupite bila kulipa. Hiyo nayo niliandika katika kitabu cha shukrani.

Sasa niwaambie kwa nini tuliipeleka. Gitare hiyo tuliinunua mwaka 2019 kwa dola 160, sadaka ya mama wanaoponda mawe na ya vijana wa mashimo. Haina jina kubwa. Imetengenezwa China, ina mikro mbili chini ya kamba, na ndani yake kuna preampli ndogo inayokula pile moja ya volti 9. Mwanzoni ilituimbia vizuri. Mwezi wa tisa mwaka 2020, maji ya mvua yalipoingia katika mashimo ya pale Detroit na kuua watu wasiopungua 50 kufuatana na habari zilizotolewa, tulizika siku nyingi kwa mfululizo. Wale waliokuwako wanakumbuka. Sauti za waimbaji zilikuwa zimekwisha kwa kulia, na ni basi ndiyo iliyoshikilia nyimbo. Aliyeipiga alikuwa na miaka 17. Ni yule niliyesafiri naye.

Baadaye gitare ikaanza ugonjwa. Kila siku ya Mungu, pile imekufa. Tunanunua ingine, juma linalofuata imekufa tena. Kwetu pile nzuri ya volti 9 si kitu cha kuokota, na komite ikaanza kusema chini kwa chini kwamba kijana anaziuza, ama anaziweka katika kitu chake nyumbani. Nilimwita. Akasema, "Hapana, Papa Pasta." Sikumuamini. Nikamsimamisha katika korali miezi mitatu, tena mbele ya watu. Na ili gitare isiguswe ovyo, nikatoa amri: ikae katika ofisi yangu, kable ikiwa imechomekwa ndani yake siku zote, tayari kwa ibada. Amri hiyo muiweke akilini, tutairudia.

Nilimchukua kijana safarini kwa sababu moja tu, yeye peke yake alijua kuifungua. Njia yote hakusema maneno kumi.

Bukavu ukiifikia kutoka vilimani inakushangaza hata kama umeiona mara mia. Chini kuna ziwa Kivu, mita karibu 1.460 juu ya bahari, na rasi za mji zinaingia majini kama vidole vya mkono uliotumbukizwa. Wabelgiji waliuita Costermansville mpaka mwaka 1954. Waliujenga kwa ajili ya watu wachache wenye bustani; leo nyumba zimepanda kila mlima mpaka zinashikana mabati, na mvua ikinyesha kwa nguvu watu wa mitelemko hawalali. Ruzizi inatoka hapo kwenda Tanganyika, na juu yake kuna mabwawa ya umeme. Basi ungesema, mji huu hauwezi kukosa mwanga. Tutaona.

Tuliacha vitu kwa ndugu huko Ibanda, tukala sambaza na ugali wa muhogo, kisha tukapanda Kadutu kwa miguu. Soko ya Kadutu ni chuo kikuu bila diploma. Ukitafuta ufa wa redio, ufa wa saa, ufa wa kitu ambacho wewe mwenyewe hujui jina lake, kuna mtu ameketi kwenye kiti cha mbao anayekijua. Fundi wetu alikuwa na chumba kisichozidi kitanda viwili, kimejaa bafle zilizopasuka na vinanda vya makanisa ya kila jina. Sikuuliza dini yake. Aliichukua gitare, akaitazama kama daktari anavyotazama mtoto asiyelia.

Umeme ulikuwa umekatwa tangu asubuhi. Kwa hiyo akaweka chuma chake cha kuchomelea juu ya makaa ya mbabula, chuma cha zamani chenye kichwa cha shaba, akaanza kufungua visu na turnevisi huku akitufundisha.

Mikro ya gitare, alisema, si kama mikro ya mhubiri. Ukiipigia kelele haisikii mdomo wako. Ndani yake kuna sumaku, na kuzunguka sumaku kuna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, umezungushwa mara elfu nyingi. Kamba ya chuma ikitikisika juu ya sumaku, inaamsha umeme mdogo ndani ya waya. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye ampli. Ndiyo sababu kamba ya nailoni haitoi kitu hapo. Jambo hilo la sumaku na waya Michael Faraday wa Uingereza alilionyesha mwaka 1831, na mwaka 1951 Leo Fender wa Marekani akalitumia kutoa gitare ya basi iliyoenea duniani pote. Ile yenye mikro mbili, ambayo yetu inaiiga, aliitoa mwaka 1960. Preampli ya kukaa ndani ya basi na pile yake ilikuja kwa wingi mwaka 1976, kwa gitare ya Music Man iitwayo StingRay.

Wengine watasema mambo hayo ni ya wazungu. Hapana. Kule Kinshasa mzee Mawangu Mingiedi, wa kundi la Konono No. 1, alitengeneza mikro za likembe zake kwa sumaku za vipande vya magari yaliyokufa, na dunia nzima ikaja kumsikiliza mpaka alipofariki mwaka 2015.

Fundi akachukua multimetre. Mikro ya kwanza ikasoma omu 7.000 na kidogo, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Ya pili haikusoma kitu. Waya umekatika ndani, mahali pasipoonekana. "Hii imekufa kitambo," akasema. "Mulikuwa munapiga na jicho moja." Kisha akapima pile. Volti 4. Akanyamaza, akamwangalia kijana, akaniangalia mimi.

"Pasta, gitare munaiwekaka namna gani, kisha ibada?"

Nikamweleza kwa fahari kidogo: katika ofisi, imefungwa kwa ufunguo, kable ndani yake, tayari.

"Kable ndani?"

"Ndiyo, ndani."

Akacheka, si kwa kunidharau. Akageuza tundu la jaki, akatuonyesha ulimi mdogo wa chuma. "Angalia. Hii preampli haina swichi. Swichi yake njo jaki. Ukichomeka kable, pile inaanza kazi. Ukitoa kable, pile inalala. Wewe unaacha kable siku saba. Pile inaimba peke yake mu ofisi, usiku na muchana, hakuna mutu wa kuisikiliza. Mutoto hajakula mapile yako, Pasta. Ni wewe."

Wapenzi, nimehubiri miaka zaidi ya kumi na tano, lakini siku ile kinywa kilikauka. Kijana alikuwa anatazama nje mlangoni, kule chini mwanga wa ziwa ulikokuwa unaisha. Nilimwomba msamaha hapo hapo, fundi akisikia, na mama mmoja aliyeleta redio akisikia pia. Akasema tu, "Ni sawa, Papa." Nilijua si sawa bado, kwa sababu nilimsimamisha mbele ya kanisa, na deni la mbele ya watu halilipwi Kadutu.

Turudi kwenye gitare. Mfukoni tulikuwa na dola 85. Mimi nilikuja na wazo la kununua mikro mpya za jina kubwa, za Seymour Duncan ama EMG, na preampli mpya juu yake. Fundi akasema mikro hizo zinapita dola 100 kabla hujaongeza preampli, tena lazima umpe mfanyabiashara anayekwenda Nairobi ama Dubai, na ungoje. Kisha akauliza swali ambalo ningependa kila komite ya korali ijiulize: kamba hizi zina miaka mingapi? Zilikuwa na mitatu. Hazijabadilishwa tangu tulipoinunua. Kwa maoni yangu leo, nusu ya magitare tunayoyaita mabaya katika makanisa yetu yana kamba zilizokufa, kable iliyovunjika ndani, na mtu aliyekaza visu visivyohitaji kukazwa. Mikro mpya juu ya kamba zilizokufa ni suti juu ya mtu asiyeoga.

Alikuwa na jozi ya mikro zilizotoka katika basi nyingine iliyovunjika shingo. Zilikuwa na sumaku za alniko, zetu za kwanza zilikuwa za seramiki. Alizipima kwa rula kwanza, maana mikro za namna hii hazilingani: ya upande wa shingo ni milimita karibu 92, ya upande wa daraja inaipita kwa milimita mbili tatu. Mtu akinunua bila kupima, atachonga mbao, na mbao iliyochongwa haikui tena. Moja ya hizo imezungushwa kinyume cha mwenzake, kusudi zikifunguliwa zote kwa nguvu sawa, ule mvumo wa umeme unajiua zenyewe kwa zenyewe.

Mvumo ulikuwa ugonjwa wetu wa tatu. Fundi akatufundisha kipimo kisicho na gharama: gitare ikivuma, gusa kamba kwa mkono. Mvumo ukipungua, waya wa ardhi unaofika kwenye daraja uko mahali pake. Yetu haikubadilika hata kidogo, na kweli, waya ulikuwa umeachia. Akauchomelea. Kisha akabandika karatasi ya aluminium ya jikoni ndani ya shimo lote la gitare, akaifunga kwenye waya wa ardhi kwa kisu, kwa sababu aluminium haikubali sudire ya kawaida.

Wakati sudire inayeyuka juu ya makaa, akaniuliza kama ninajua ilikotoka. Nikasema dukani. "Hii ni kasiterite yenu," akasema. Na ni kweli: sudire hiyo ni bati na risasi, na bati linatoka katika kasiterite ambayo watu wetu wanabeba mgongoni. Shaba ya waya nayo iko Katanga. Alniko ni aluminium, nikeli na kobalti, na nchi yetu ndiyo ya kwanza duniani kwa kuchimba kobalti. Hata koltani inaingia katika kondensata ndogo za mashine nyingi. Nilishika ile mikro, nikaona kama mtoto aliyepotea amerudi na jina la kigeni.

Preampli hakuitupa. Aliongeza swichi ndogo: upande mmoja sauti inapita katika preampli, upande mwingine inakwenda moja kwa moja kwenye jaki bila pile. Kwa watu wa Bukavu huo ni mchezo, kwa sisi wa mashimo ni uzima. Pile ikifa katikati ya maziko, unasukuma swichi, wimbo unaendelea.

Umeme ulirudi saa mbili ya usiku. Kijana akachomeka, akafungua ampli kidogo tu kwa sababu jirani walikuwa wanalala, akapiga kamba ya chini. Chumba kile kidogo kilitetemeka mpaka vikombe. Fundi akapunguza kimo cha mikro upande wa kamba nene, akamwambia apige tena. Ikawa sawa kamba zote nne. Kazi yote, pamoja na kamba mpya, dola 70. Kumi na tano zikabaki kwa jeep, na hazikutosha, lakini hiyo ni habari ingine.

Siku ya Mungu iliyofuata, kabla ya korali kuimba, nilisimama nikaeleza kanisa habari ya jaki, neno kwa neno, na nani alikosa. Wazee wengine hawakupenda. Wanasema mchungaji hajishushi namna hiyo mbele ya vijana. Mama yake kijana hakusema kitu, alifunga kitambaa chake vizuri, akatazama mbele.

Tangu Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu, sijapanda tena barabara ile. Fundi tunaongea kwa simu, mtandao ukikubali. Gitare ingali nasi, na mikro zile zile. Katika ofisi yangu kuna msumari ukutani, na kable imetundikwa hapo. Kijana ndiye aliyeupigilia, na akaandika chini yake kwa makaa: "Papa Pasta, usiguse."