Pipa la Uani

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, nataka kusema nanyi juu ya ugonjwa ambao wengi tunao na wachache tunaukiri, nao ni uvivu wa kazi za nyumbani. Sitautaja uvivu wa mtu mwingine, nitautaja wangu.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Tunduma, mpakani mwa Zambia, na watoto nawasomesha katika uwa wa nyumba yangu. Mwaka jana, mwezi wa Juni, binti yetu alijifungua kule Vwawa, na mama watoto akaenda kumwangalia mzazi kwa siku 40. Nilimwambia, "Nenda kwa amani, nyumba niachie mimi."

Aijuaye Tunduma anaijua baridi yake ya Juni. Juma la kwanza nilijitahidi. La pili, sufuria ya jana ikamngoja mwenziwe wa leo. Nikawa nakaa mkekani, nimejifunika blanketi, navitazama vyombo na kujiambia, "Nikipata nguvu nitaviosha." Nguvu hazikuja. Kila vyombo vilipoongezeka, nguvu zilipungua. Ajabu ni kwamba mtu huyu huyu aliweza kusomesha saa mbili bila ya kuchoka, lakini sahani kumi zilimshinda.

Sasa, pale uani pana pipa ambalo watoto huchota maji ya udhu kabla ya darasa. Miaka yote nilikuwa nikilikuta limejaa, wala sikujiuliza nani analijaza. Alasiri moja akanijia mtoto mmoja, akanisalimu kwa adabu, kisha akasema, "Maalim, pipa halina maji. Wenzangu wanauliza, je, leo tutatayamamu?"

Wallahi, mtoto yule hakukusudia kejeli. Juma lililopita ni mimi niliyewafundisha kwamba tayamamu ni ruhusa kwa aliyekosa maji, au ambaye maji yatamdhuru. Na maji yalikuwako! Kisima cha jirani hakifiki hatua 200 kutoka mlangoni kwangu. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuyateka, na mtu huyo alikuwa amekaa mkekani ameshika kitabu cha tohara.

Niliwaambia watoto wangoje, nikachukua ndoo mbili nikatoka. Safari ya kwanza miguu ilikuwa mizito kama ya mgonjwa. Safari ya tatu mwili ukapata joto. Baada ya darasa sikurudi mkekani. Mikono ya kanzu ilikuwa bado imekunjwa, nikaviendea vyombo. Hapo nikafahamu jambo nililopaswa kulijua zamani: nguvu hazitangulii kazi, nguvu huifuata kazi. Anayekaa kuzingoja atangoja sana.

Na dini yetu imetufundisha hivyo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba Shetani humfunga mtu aliyelala mafundo matatu kisogoni. Akiamka akamtaja Mwenyezi Mungu, moja hufunguka. Akitawadha, la pili. Akisali, la tatu, naye hupambazukiwa ana uchangamfu. Tazameni mpango wake: uchangamfu umekuja mwisho, baada ya vitendo, na kitendo cha kwanza ni kidogo kabisa, kuutikisa ulimi tu.

Marehemu baba yangu alikuwa kibarua katika ujenzi wa reli ya TAZARA ipitayo hapa kwetu, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kufika Kapiri Mposhi mwaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Alikuwa akituambia kwamba kibarua aliyeifikiria Kapiri Mposhi asubuhi alichoka kabla ya jua kupanda. Aliyelifikiria taruma lililo mbele yake alifika jioni. Basi nami sikuosha tena "vyombo". Niliosha sahani moja kwa Bismillahi, kisha ya pili. Na kila kazi nikaifunga na sala yake: kufagia baada ya Alfajiri, maji kabla ya Alasiri, vyombo baada ya Isha. Sala haina ahirisho, na kazi iliyofungwa nayo ikaona haya kuahirishwa.

Lakini tusichanganye mvivu na aliyechoka. Bibi Fatuma (R.A.) mikono yake iliumia kwa kusaga, akamwendea baba yake kuomba mtumishi, wala hakuambiwa kuwa ni mvivu. Alifundishwa tasbihi za kuleta kabla ya kulala, yeye na mumewe pamoja, kuwa ni bora kwao kuliko mtumishi. Naye Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake mpaka wakati wa sala ufike. Hadithi hii niliisomesha mara nyingi, nami sijawahi kuteka hata ndoo moja.

Siku ya 41 mama watoto alirudi. Alipita uani, akachungulia pipa, akauliza, "Nani amelijaza?" Nikamjibu, "Mimi." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mimi hukuniuliza hata siku moja."

Maneno hayo yalinikaa moyoni kuliko hotuba. Tangu siku ile pipa ni langu, na kijana wetu wa mwisho anateka pamoja nami, apate kujua mapema kwamba maji hayaji yenyewe.

Basi, enyi vijana, na enyi akina baba wenzangu, inukeni mtazame nyumbani mwenu ni pipa gani mnalolikuta limejaa kila siku, na muulize nani analijaza. Mwenyezi Mungu atukinge na uvivu, na atujaalie tuwe wepesi wa kuanza. Amin.

Wabillahi tawfiq.