Vyungu Juu ya Paa

Wahenga walisema kwamba panapofuka moshi hapakosi moto. Maneno hayo niliyaandika ubaoni mara nyingi katika miaka yangu ya kufundisha, na watoto wakayanakili katika madaftari yao. Lakini maana yake ilinikaa vizuri nilipokuwa nimekwisha kustaafu, katika nchi ya baridi, kwa kazi ambayo wengi wangeiita mchezo wa watoto: kutengeneza vyungu vya dohani vya nyumba ndogo za mfano, kila chungu kikiwa na urefu usiozidi punje ya mahindi.

Hapana budi nianze na neno lenyewe, mfano. Katika lugha yetu neno hili hubeba mizigo miwili. Kwanza ni kitu kidogo kilichotengenezwa ili kifanane na kikubwa. Pili ni mwenendo unaofaa kuigwa. Sisi tuliosomea Chuo cha Ualimu mwanzoni mwa miaka ya sabini tulifundishwa mizigo yote miwili. Asubuhi tuliambiwa kwamba mwalimu ni mfano kwa jamii. Jioni tulifinyanga milima, visima na vibanda kwa udongo, maboksi na magunzi, tukaviita zana za kufundishia. Mkufunzi wetu alikuwa mkali katika jambo moja. Akiona kisima cha mfano kisicho na njia ya kupitisha maji, alikirudisha. Alituambia kwamba mtoto huamini jicho lake kabla ya sikio, na zana ya uongo huharibu somo zima.

Binti yangu ni muuguzi katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Mara moja nilikaa kwake majira yote ya baridi, na mzee asiye na kazi katika nyumba ya wafanyakazi huwa kama kiti kilichowekwa mlangoni. Ndipo jirani yake, mzee mwenzangu, akanichukua hadi ukumbini kwao, ambako wastaafu wachache walikuwa wakijenga mfano wa mtaa uliobomolewa katika miaka ya sitini. Kipimo chao kilikuwa 1 kwa 76, yaani milimita 4 kwa kila futi moja, kipimo ambacho Waingereza wengi hukitumia kwa reli na nyumba za mfano. Kuta zilikuwa tayari, mapaa yalikuwa tayari. Waliposikia kwamba niliwahi kufundisha kazi za mikono, walinipa dohani.

Huenda msomaji akauliza dohani ina jambo gani. Sisi wa pwani na wa karibu na pwani tulilijua neno hilo zaidi kwa meli kuliko kwa nyumba. Lakini katika miji ya Uingereza ya zamani kila chumba cha maana kilikuwa na meko yake ukutani, na kila meko ilikuwa na njia yake ya moshi, iliyopanda ndani ya ukuta bila kuchanganyika na ya jirani. Njia hizo zilikusanyika juu ya paa katika mnara mmoja wa matofali, na juu ya mnara, kila njia ikavishwa chungu cha udongo wa kuchoma kisicho na kitako. Kazi ya chungu ni rahisi kuieleza hata darasa la tano. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda. Kadiri njia inavyokuwa ndefu, ndivyo mvuto unavyozidi. Chungu huirefusha njia kwa gharama ndogo na kuubana mdomo wake. Pia huutoa moshi juu kidogo ya upepo unaozunguka-zunguka kwenye paa na kuurudisha chumbani.

Kutokana na hayo inafuata kanuni ambayo ndiyo moyo wa kazi yangu: hesabu ya vyungu ni hesabu ya meko. Mtaa wetu ulikuwa wa nyumba za safu, zilizopangwa kama kota za mashamba ya mkonge, vyumba viwili chini na viwili juu. Nyumba mbili ziliegemea ukuta mmoja na kuchangia dohani moja. Mahali ambapo vyumba vyote vinne vilikuwa na meko, dohani ile ilibeba vyungu 8. Mahali ambapo wajenzi walibana matumizi na kuviacha vyumba vya juu bila moto, vilikuwa 4. Mtu akisimama barabarani na kutazama juu, angejua nani alilala penye joto na nani alilala penye baridi. Serikali nayo iliwahi kuzitazama meko kwa jicho hilo: kuanzia mwaka 1662 hadi 1689 Waingereza walitozwa kodi ya shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka kodi ya kibanda ambayo Wajerumani waliianza kwetu mwaka 1898. Mtawala huanza kuhesabu pale mwananchi anapopikia.

Basi sikubandika vyungu kwa kupendeza macho. Tulitandaza picha za zamani mezani, tukachukua kioo cha kukuzia, tukahesabu nyumba baada ya nyumba. Palipokuwa na chungu kimoja kirefu kuliko wenzake, nilikata kimoja kirefu. Palipokuwa na pengo, niliacha pengo. Hapo ndipo kazi nyingi za namna hii hupungukiwa na ukweli. Mtengenezaji hununua vyungu vilivyotoka katika kalibu moja, akavipanga kama askari wa gwaride. Paa la kweli halina gwaride. Chungu kimoja kilipasuka kwa barafu kikabadilishwa na cha rangi nyingine. Kingine kimeinama kidogo. Kingine kimefunikwa kwa kuwa meko yake haitumiki tena.

Sasa niseme namna ya kuvitengeneza, kwa ajili ya mwenye kutaka kujaribu. Chungu cha kawaida cha futi 2 huwa milimita 8 katika kipimo kile, na upana wa futi 1 huwa milimita 4. Mrija wa wino wa kalamu ya biki una upana wa kama milimita 3. Nilikuwa nikiuosha, nikauzungushia karatasi nyembamba yenye gundi hadi ufike unene, kisha nikauongezea ukanda mwembamba juu na chini ili kufanya midomo, maana chungu cha kweli hakiishi ghafla kama bomba lililokatwa. Halafu nilikata kwa wembe mpya, nikiuviringisha mrija chini ya wembe bila kuukandamiza, ili tundu lisibonyee.

Tundu ndilo la kwanza kutazamwa. Chungu kisicho na tundu ni kigingi tu, na jicho hulitambua jambo hilo hata likiwa mbali. Ndani nilipaka rangi nyeusi isiyong'aa. Nje nilitumia rangi ya udongo mwekundu kwa vingi na rangi ya mchanga uliopauka kwa vichache. Chini ya vyungu niliweka donge la gundi na mchanga laini, nikalichonga literemke pande zote, kwa kuwa waashi hufanya hivyo ili maji ya mvua yasituame. Pale mnara ulipokutana na paa niliweka ukanda wa kijivu badala ya bati la risasi linalozuia uvujaji. Mwisho nilipaka masizi, nayo yalikuwa unga wa makaa na vumbi la chaki vilivyosuguliwa kwa kidole, mazito mdomoni na mepesi kadiri yanavyoshuka. Nilifurahi kuona kwamba chaki, iliyonikausha vidole miaka yote ile, bado ilikuwa na kazi.

Mjukuu wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 10, alikuwa akinifuata Jumamosi. Siku moja alichungulia ndani ya tundu la milimita chache akaniuliza, "Babu, mtu anaweza kupita humu?" Nilimjibu kwamba watoto wa umri wake walipita kwelikweli katika dohani za zamani, wakiparua masizi kwa mikono, magoti na viwiko. Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwakinga mwaka 1788, likatunga nyingine mwaka 1840, na watu wakaendelea kuwapandisha watoto kana kwamba hakuna kilichoandikwa. Mwaka 1875 mvulana George Brewster, wa umri wa kama miaka 11, alikwama ndani ya dohani ya hospitali ya Fulbourn karibu na Cambridge. Ukuta ulivunjwa ili kumtoa, lakini alifariki muda mfupi baadaye. Bwana wake alifungwa miezi sita, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyowataka wasafisha dohani waandikishwe polisi. Hiyo ndiyo iliyokomesha desturi ile. Mjukuu wangu alinyamaza, kisha akaomba nimruhusu kupaka weusi wa ndani mwenyewe. Alivipaka vyungu vyote vya safu moja, polepole, bila kunena neno.

Tulichagua kuuonyesha mtaa kama ulivyokuwa mwaka 1955, na uchaguzi huo ulikuwa na maana yake. Desemba 1952 ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe uliufunika mji wa London kwa siku kadhaa, na maelfu ya watu wakafa. Mwaka 1956 ikatoka sheria ya hewa safi, na kidogo kidogo meko za makaa zikaachia nafasi gesi na umeme. Kwa hiyo mwaka 1955 ni karibu na mwisho wa enzi ya moshi. Kila chungu kingali kazini, na juu ya minara michache imekwisha kufungwa kwa waya antena za televisheni. Baada ya hapo vyungu vilibaki juu ya nyumba nyingi kama kofia za watu waliokwisha kuondoka.

Kazi ilipokamilika watu wa mji walialikwa ukumbini. Wengi walisema ni nzuri, wakaenda kunywa chai. Mama mmoja, mzee kuliko mimi, aliinama juu ya mtaa ule kwa muda mrefu akitafuta. Nyumba zote zilifanana: mlango mmoja, dirisha moja chini, mawili juu. Kisha aliweka kidole hewani juu ya chungu kimoja cha rangi ya mchanga kati ya vyekundu, akasema kwamba baba yake ndiye aliyekiweka baada ya dhoruba, na kwamba chini ya chungu hicho ndipo mama yake alipokuwa akianika nguo za watoto. Nyumba haipo, mtaa haupo, barabara pana inapita pale. Mama yule aliitambua nyumba ya wazazi wake kwa kipande cha mrija wa kalamu, kwa sababu kilikuwa mahali pake na katika rangi yake.

Usiku ule nilikiwaza kijiji chetu cha zamani katika wilaya ya Handeni. Watu wake walihamia kijiji kipya kando ya barabara mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Sijadili hapa faida na hasara za jambo hilo. Wengine wamelieleza vya kutosha. Nasema tu kwamba pale tulipokuwa tukikaa sasa ni pori, na hakuna picha hata moja ya nyumba zetu.

Niliporudi nyumbani nilianza kukijenga kwa kipimo kilekile, nyumba za msonge kwa nyasi zilizochambuliwa nyembamba kama nywele. Mjukuu wangu alipokuja likizo alizitazama akauliza, "Babu, mbona hazina dohani? Moshi unatoka wapi?" Nilimjibu kwamba paa lote ndilo dohani. Moshi wa mafiga ulipanda taratibu, ukazikausha mbegu za mahindi zilizoning'inizwa juu ya moto, ukawafukuza fukusi, ukapenya katika nyasi na kutokea juu kama pumzi. Lakini niliongeza kwamba moshi huohuo ulimtoa bibi yake mzaa mimi machozi kila jioni na kumwachia kikohozi hadi uzeeni, ili asidhani kwamba mambo yote ya kale yalikuwa matamu. Kisha nilimpa unga wa makaa na chaki, naye kwa kidole akaitia weusi kilele cha kila paa, kama alivyofunzwa.

Nyumba zilizosimama sasa ni 14. Zimebaki tatu ambazo mafiga yake sikumbuki yalikaa upande gani wa mlango, nami sitaki kuyaweka kwa kubahatisha. Dada yangu mkubwa alipika katika zote tatu. Ana miaka 84, macho yake yamefifia lakini kumbukumbu yake ni nzima. Nitamwendea kabla ya masika, nikiwa na mfano wangu juu ya ubao na kipande cha mkaa mfukoni.