Neno "Kufadhaika"



Wapendwa Taifa la Mungu, wiki hii naomba tulitafakari neno moja tu: kufadhaika. Wengi hulichukulia kuwa sawa na kuogopa. Mimi naona yanatofautiana. Mtu huogopa anachokijua: simba, deni, hukumu. Fadhaa humvamia kabla hajajua ni nini. Simu inalia saa nane za usiku, moyo unapiga paa, mawazo yanatawanyika kabla ya kusikia sauti ya anayepiga. Mshtuko wenyewe hupita upesi. Machafuko yanayobaki moyoni ndiyo fadhaa.

Mama mmoja aliyemzika mwanawe alinifuata sakristia, akasema: "Baba, wanajumuiya wananiambia Mkristo hafadhaiki. Mimi mikono inatetemeka hadi leo, hata Rozari siwezi kuishika. Je, nimetenda dhambi?"

Wenzake hawakumtakia mabaya. Walilitoa neno lao katika Injili ya Yohane, sura ya 14, isomwayo mara nyingi katika misa za mazishi, ambamo Bwana anawaambia wanafunzi wasifadhaike. Ila sura hiyo ina iliyoitangulia. Katika sura ya 13, aya ya 21, kwenye karamu ile ile, Yesu mwenyewe alifadhaika rohoni alipotangaza kwamba mmoja wao atamsaliti. Alikwisha kufadhaika alipowaona waombolezaji wa Lazaro (11:33), na tena saa yake ilipokaribia (12:27). Katika Kigiriki cha Yohane kitenzi ni kile kile mahali pote panne, *tarasso*, na ndicho kinachotumika kwa maji ya birika la Bethzatha yanapotibuliwa (5:7). Basi aliyewaambia wasifadhaike alikuwa ametibuka moyo muda mfupi tu kabla, mezani pale pale. Sioni jinsi maneno yake yanavyoweza kugeuzwa kuwa kemeo kwa mfiwa.

Tena tunaposali tendo la kwanza la furaha, tunamtafakari Bikira Maria akipashwa habari na malaika. Luka anasema alifadhaika (1:29). Huyo ni Mkingiwa dhambi ya asili! Nani atathubutu kumhesabia kosa? Malaika hakumkaripia, alimtuliza kwanza, kisha akaendelea na ujumbe. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1767, inafundisha kwamba maono ya moyo, yakiwa yenyewe tu, si mema wala mabaya. Dhambi huhitaji utashi, na hakuna anayekaa chini akaamua kutetemeka mikono.

Nilimjibu mama yule kwamba hana dhambi ya kuungama katika hilo, na kwamba Rozari aiweke tu mapajani. Viongozi wa jumuiya yake nimewaomba waache kwanza kumhubiria, waende wakasali nyumbani kwake. Wameanza Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni. Wao wanasali, yeye anaitikia pale anapoweza.